Apollo Ni wa Nani? Kisa, Alama na Kikoa Katika Majina ya Biashara Yatokanayo na Visasili

Mgonjwa wa Dar es Salaam au Nairobi anayeambiwa akatibiwe India huenda akalisikia jina Apollo kabla hata hajatajiwa jina la daktari, kwa kuwa hospitali za kundi hilo, ambayo ya kwanza ilifunguliwa Chennai mwaka 1983, zimekuwa maarufu sana huku kwetu. Jina hilohilo limechongwa ubavuni mwa matairi yanayotengenezwa na kampuni nyingine ya India iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo haina undugu wowote na hospitali hizo. Na mtu akiandika apollo.com kwenye simu yake, hakuti hospitali wala matairi, bali kampuni ya uwekezaji ya Marekani iliyoanza mwaka 1990. Biashara tatu, jina moja, na jina lenyewe ni la mungu wa Wagiriki wa kale aliyehusishwa na nuru, muziki, uaguzi na uponyaji.

Sasa mchukulie kijana anayetaka kufungua zahanati Dodoma na kuiita Apollo. Rafiki wa kwanza atamwambia kwamba jina la kale halina mwenyewe, achukue tu. Wa pili atamwonya kwamba atapelekwa mahakamani. Wa tatu atamhakikishia kwamba akishalipia domeini, jina limekuwa lake. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini kila mmoja anazungumzia kitu chake, na kijana wa watu anaondoka akidhani wanabishana juu ya jambo moja.

Vitu vyenyewe ni vitatu. Cha kwanza ni kisasili, yaani hadithi ya kale ambayo jamii ilitumia kueleza miungu yake, asili ya dunia na mambo makubwa ya maisha. Jirani yake ni mighani, hadithi ya shujaa ambaye watu huamini aliishi kweli. Cha pili ni alama ya biashara, ambayo ni haki ya kisheria ya kutumia jina au mchoro fulani kwa bidhaa au huduma fulani. Cha tatu ni kikoa, ambacho wengi tunakiita domeini, nacho ni anwani ya kwenye intaneti. Juu ya vyote hivyo ipo chapa, lakini hiyo haiandikishwi ofisini: ni ile sura nzima inayomjia mteja kichwani akisikia jina lako.

Kisasili ni mali ya wote. Hakuna ofisi duniani inayoweza kumzuia mtu kumsimulia Apollo, kumchora, wala kumpa mtoto jina hilo. Hapo rafiki wa kwanza yuko sahihi, na kosa lake linaanza pale anapodhani kwamba kwa sababu hadithi haina mwenyewe, basi hata jina lililokwisha kupachikwa kwenye bidhaa halina mwenyewe.

Mtaani wanaweza kuwapo akina Juma watano na asichanganyikiwe mtu, kwa sababu kuna Juma fundi baiskeli, Juma wa samaki na Juma muadhini. Lakini wakitokea akina Juma wa samaki wawili katika soko moja, mtoto aliyetumwa “kanunue kwa Juma” hatajua aende meza ipi. Sheria ya alama za biashara ilitungwa kwa ajili ya meza hizo mbili. Nchi nyingi hupanga bidhaa na huduma kwa utaratibu uliotokana na makubaliano yaliyofikiwa Nice, Ufaransa, mwaka 1957, ambao leo una madaraja 45: matairi yamo daraja la 12, nguo na viatu daraja la 25, huduma za tiba daraja la 44. Ndiyo maana Apollo wa matairi na Apollo wa hospitali wanaishi kwa amani. Kijana wetu wa zahanati, hata hivyo, hana haja ya kuogopa matairi. Anayemhusu ni yule mwenye hospitali, kwa sababu wanauza kitu kilekile.

Haki hiyo pia ina mipaka ya nchi. Alama iliyosajiliwa BRELA inalinda Tanzania Bara, lakini Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya BPRA, kwa hiyo mfanyabiashara anayeuza Kariakoo na Darajani anahitaji kusajili kote kuwili. Kenya kazi hizo zimegawanywa kati ya ofisi mbili: majina ya kampuni huandikishwa kwenye huduma ya usajili wa biashara, na alama za biashara husajiliwa KIPI. Mgawanyo huo unafundisha jambo ambalo watu wengi hawalijui mpaka wameumia, kwamba cheti cha kampuni na cheti cha alama ni karatasi mbili tofauti, na ya kwanza haikuletei ya pili. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba jina lililojulikana mno hupewa ulinzi mpana kuliko kawaida. Mtu hawezi kuanzisha kiwanda cha mabegi, akakiita Nike, kisha akajitetea kwamba Nike ni mungu wa kike wa ushindi na hadithi yake ni ya wote.

Kikoa hakifuati kanuni hizo za daraja na nchi. Mfano wake wa karibu ni namba ya simu: majina yanaweza kufanana, lakini namba moja kamili haiwezi kuita simu za watu wawili. Anayewahi ndiye anayepata, awe tajiri au maskini. Pandora inaonyesha hilo vizuri. Ipo kampuni ya vito ya Denmark iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1982, na ipo huduma ya muziki ya Marekani iliyokuja miaka mingi baadaye, ikitumia jina hilohilo. Sheria ya alama haina ugomvi nao, maana bangili si wimbo. Lakini pandora.com ilikuwa moja tu, ikakaa kwa wenye muziki, na wauza bangili, pamoja na ukubwa wao wote, wanapatikana pandora.net.

Na kikoa hakinunuliwi, ijapokuwa wote tunasema “nimenunua domeini”. Kinakodishwa, kwa kawaida kwa mwaka mmoja mmoja au kwa miaka kadhaa kwa mkupuo, na asiyelipa hukipoteza kama mpangaji asiyelipa kodi. Tena kukikodi hakukupi haki ya alama. Tangu mwaka 1999 upo utaratibu wa kimataifa unaomwezesha mwenye alama kudai kikoa kilichochukuliwa kwa hila, na mashauri mengi husikilizwa chini ya shirika la hakimiliki la WIPO lililoko Geneva. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba kikoa kinafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, kwamba aliyekichukua hana haki wala sababu halali ya kukitumia, na kwamba alikisajili na anakitumia kwa nia mbaya. Kwa jina la kisasili, hayo mawili ya mwisho ni magumu kuthibitisha dhidi ya mtu mwenye biashara ya kweli, kwa kuwa anaweza kueleza kwa nini alilichagua. Ni rahisi dhidi ya yule aliyelichukua ili amuuzie mwenye alama kwa bei ya kuruka.

Wakati mwingine ugomvi wa anwani huwa mkubwa kuliko biashara yenyewe. Mwaka 2012 kampuni ya Amazon iliomba kumilikishwa mwisho wa anwani wa .amazon, kama vile sisi tulivyo na .tz na .ke. Brazil na Peru zilipinga, zikisema kwamba Amazon ni mto na msitu wa watu wao kabla ya kuwa duka. Mvutano ulikwenda miaka hadi ICANN, chombo kinachosimamia mfumo wa anwani za intaneti, kilipoiruhusu kampuni mwaka 2019. Mto wenyewe ulipata jina kutokana na kisasili cha Wagiriki: Francisco de Orellana na wenzake, waliousafiri mwaka 1541 na 1542, walisimulia kwamba walipigana na wanawake huko, na Wazungu wakakumbuka Waamazoni, wanawake mashujaa wa hadithi za kale. Jina lilitoka kwenye hadithi likaenda mtoni, likatoka mtoni likaenda dukani, na mwishowe serikali mbili zikasimama kulidai.

Wasomaji wetu wana sababu ya kuuelewa uchungu huo. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini malalamiko mtandaoni walipojua kwamba Disney ilikuwa imesajili Marekani, tangu 2003, maneno “hakuna matata” kwa ajili ya nguo. Wengi waliamini kwamba Kiswahili kimeuzwa. Usajili ule haukumzuia Mswahili yeyote kuyatamka maneno hayo. Ulihusu bidhaa ya nguo katika soko la Marekani. Hata hivyo sioni kosa katika hasira yao, kwa sababu sheria inaweza kuwa wazi na bado watu wakajiona wamechukuliwa kitu bila kuulizwa.

Kwa nini basi kampuni zinayapenda majina haya? Kwanza, kisheria yana nguvu. Jina kama Viatu Imara linaeleza bidhaa tu, na msajili hawezi kumpa mtu mmoja miliki ya maneno ambayo kila muuza viatu anayahitaji. Nike haielezi kiatu. Kampuni ile ilianza mwaka 1964 ikiitwa Blue Ribbon Sports, na mwaka 1971, ilipohitaji jina la viatu vyake yenyewe, mwasisi wake Phil Knight alikuwa akipendelea Dimension Six. Mfanyakazi wake wa kwanza, Jeff Johnson, ndiye aliyependekeza Nike. Mwaka uleule mwanafunzi wa uchoraji, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa ule mchoro wa nembo. Herufi nne, kikoa kifupi kabla hata vikoa havijakuwapo, na ndani yake kisa kizima cha mshindi kinachobebwa na neno moja.

Pili, kisa humsaidia mwenye jina kusema jambo kubwa kwa maneno machache. Kampuni ya Kijapani ya vyombo vya macho iliyoanzishwa mwaka 1919 ilitumia jina la Takachiho, mlima wa miungu katika visasili vya nchi hiyo. Ilipotaka alama itakayoeleweka mbali ikaandikisha, mwaka 1921, mlima wa miungu wa Wagiriki: Olympus. Hawakukopa neno kwa sababu linasikika vizuri. Walitafuta katika kisasili cha wengine mahali palepale walipokuwa wamesimama katika kisasili chao, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya kuchagua jina iliyofanywa kwa akili zaidi ya hiyo.

Si kila jina linalofanana na la mungu limetoka kwake. Hermès, nyumba ya mikoba na mitandio ya Paris, haikupewa jina la Herme tunayemkuta katika Matendo ya Mitume, pale watu wa Listra wanapomwita Paulo kwa jina hilo kwa sababu ndiye msemaji. Thierry Hermès ndilo lilikuwa jina la mwasisi wake, fundi wa vifaa vya ngozi vya farasi aliyeanza kazi mwaka 1837.

Ubaya wa kukopa kisa ni kwamba hukopi nusu. Pandora maana yake ni aliyepewa vipawa vyote, na hapo vito vinapendeza. Lakini huyo ndiye aliyefunua chombo, yakatoka maovu yote, likabaki tumaini peke yake ndani. Chombo chenyewe katika Kigiriki kilikuwa mtungi mkubwa, na kikawa sanduku baadaye, kwa tafsiri ya Kilatini. Ajax alikuwa shujaa wa nguvu nyingi, jambo linaloifaa sabuni ya kusugulia iliyotoka mwaka 1947 na hata klabu ya mpira ya Amsterdam ya mwaka 1900, ila hadithi yake inaishia kwa kujiua baada ya kunyimwa silaha za shujaa mwenzake Akile. Majina hayo yamedumu kwa sababu umma umeshika sehemu moja ya kisa na kuiacha nyingine. Anayechagua leo aulize wateja wake wanaikumbuka sehemu ipi, kwa kuwa shirika la ndege litakaloitwa Ikarus litakuwa na kazi ngumu mbele ya abiria anayejua kwamba kijana huyo wa visasili vya Wagiriki aliruka kwa mbawa akaanguka baharini.

Na kisa kinaweza kuingiliwa na kingine kabisa. Isis alikuwa mungu wa kike wa Misri aliyeukusanya mwili wa mumewe Osiris uliokatwakatwa, mama na mponyaji, jina zuri kuliko mengi. Lilipoanza kutajwa kila siku kwenye habari kama kifupi cha Kiingereza cha kundi la wapiganaji wa Iraki na Syria, watengenezaji wa chokoleti wa Ubelgiji waliokuwa wakilitumia walihamia Libeert mwaka 2014, huduma ya malipo kwa simu ya Marekani ikawa Softcard mwaka huohuo, na kampuni ya dawa ya Isis ikajiita Ionis mwishoni mwa 2015. Hakuna kati yao aliyekosea kuchagua.

Kabla ya kisa kumfikia mteja, jina hupita sikioni. Duka la Jeff Bezos, ambalo leo ndilo Amazon, lilianza mwaka 1994 likiitwa Cadabra, kutokana na maneno ya wafanya mazingaombwe, na mwanasheria wake alipolisikia kwa simu akadhani amesema neno la Kiingereza lenye maana ya maiti. Sisi tunao mtego huohuo kwa Maat, mungu wa kike wa Wamisri wa kale aliyesimamia ukweli na haki, ambaye unyoya wake uliwekwa mizanini kupimia moyo wa marehemu. Kwa ofisi ya mawakili hakuna kisa kinachofaa zaidi. Lakini mtamkie mama aliyekuja na kesi ya kiwanja, uone kama hatasikia maiti. Hera, mke wa Zeus na mlinzi wa ndoa, angelifaa duka la magauni ya harusi, isipokuwa wapo wengi ambao ulimi wao hautenganishi r na l, na kwao Hera itakuwa hela, neno tuliloachiwa na sarafu ya Wajerumani. Na akiliona hivyo mtu wa kaskazini mwa Ulaya, atamkumbuka Hel, mtawala wa wafu katika visasili vya kwao.

Kwa kikoa jaribio ni jepesi. Mpigie mtu simu, umtajie anwani mara moja tu bila kumtajia herufi, kisha umwombe akuandikie alichosikia. Psyche itarudi Saiki, Phoenix itarudi Finiksi, na kila herufi iliyokosewa ni mteja aliyeishia kwenye ukurasa wa mtu mwingine au usiokuwapo.

Lipo pia swali la imani, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: je, kutumia jina la mungu wa kale si kumtukuza? Kila mtu ana dini yake na viongozi wake wa kuuliza, nami siwezi kuwajibia. Naweza kueleza tu kwamba watoto wetu wanaitwa Zuhura, jina la nyota ileile ambayo Warumi waliiita kwa jina la mungu wao Venus, na hakuna anayeona ibada ndani yake. Tofauti kubwa iko kwa majina ya imani zinazoishi. Ahura Mazda, ambaye jina lake limo kwenye magari ya Mazda pamoja na la mwasisi wao Matsuda, bado anaabudiwa na Wazoroasta, wakiwamo Waparsi, jamii ambayo Unguja iliijua vizuri na ndiko alikozaliwa, mwaka 1946, Farrokh Bulsara aliyekuja kuimba kwa jina la Freddie Mercury. Watengenezaji wa kamera ya Kwanon ya mwaka 1934, iliyopewa jina la Kannon wa Wabuddha, waliandikisha Canon mwaka uliofuata, jina lililo jepesi zaidi kwa soko la dunia. Na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya India ilikataa kumpa mfanyabiashara miliki ya jina Ramayan kwa vijiti vya udi, kwa kuwa ni jina la kitabu kitakatifu.

Wapo wanaosema kwamba sisi hatuna hazina kama ya Wagiriki. Wanaosema hivyo hawajakaa na Fumo Liyongo, shujaa wa mighani za Waswahili. Mama yake alimpelekea gerezani tupa ndani ya mkate wa wishwa, mkate duni uliohakikisha kwamba walinzi hawataula. Akaomba ichezwe ngoma ya gungu, na katika kelele za siwa na matoazi akakata minyororo. Hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Akajikongoja hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wakakaa kwa siku kadhaa wakiogopa kwenda kuteka maji. Mlinzi anayeogopwa hata akiwa amekufa ni picha kali kwa kampuni ya ulinzi, lakini aliyemuua alitoka ndani ya nyumba yake, na hiyo ndiyo hofu kuu ya kila anayeajiri walinzi. Ningelitumia jina lake kwa shule ya muziki au nyumba ya uchapishaji, kwa kuwa alikuwa malenga na tungo zinazohusishwa naye zingali midomoni mwa watu wa pwani. Na ningekwenda Kipini na Pate kwanza, nikawaeleze wazee ninachotaka kufanya, kwa sababu Wagiriki wa Apollo hawapo tena lakini watu wa Liyongo wapo.

Jina likishapita hapo, kazi ya ofisini haichukui muda mwingi kuieleza: tafuta kwanza kwenye daftari la alama katika daraja lako na nchi zako, kisha jina la kampuni, na uangalie kikoa siku hiyohiyo, kwa sababu anayesikia wazo lako leo anaweza kukuwahi kesho. Kwa mteja wa hapa, .co.tz chini ya usimamizi wa TCRA au .co.ke chini ya KENIC inatosha, na mara nyingi jina ambalo kwenye .com lilichukuliwa zamani bado lipo huku. Hakikisha tu kwamba usajili wa kikoa umeandikwa jina lako na barua pepe yako, si za fundi anayekutengenezea tovuti, kwa kuwa mfumo unamtambua aliyeandikwa, na ilani ya kwamba muda wa kulipia unakwisha itakwenda kwake.